Mstaafu ahamiaye ng'ambo ya Horohoro atalipataje baraza la bao?

MTU anapostaafu na kuamua kwenda kuishi nchi nyingine, mambo ya kwanza anayoyapigia hesabu ni nyumba, matibabu na namna pensheni itakavyomfikia. Jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwishahama ni wale wenzao watatu au wanne waliokuwa wakicheza nao bao kila jioni.

Nyumba hupatikana kwa fedha. Mwenzi wa bao hapatikani kwa fedha, wala hakuna ofisi inayomtoa. Hutafutwa, na mgeni asiyejua pa kumtafutia huweza kukaa mwaka mzima katika mji wenye wachezaji tele, jioni zake akizimalizia mbele ya redio.

Suala hilo si dogo. Nchini Tanzania mtumishi wa umma huruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na miaka 60. Kenya nayo iliongeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Wengi hutoka kazini wakiwa bado na nguvu na akili timamu. Novemba 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunda tume maalumu ya kushughulikia upweke na kukosekana kwa mahusiano ya kijamii, likilitaja tatizo hilo kuwa tishio kwa afya ya watu duniani.

Katika ukanda wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania, dawa ya upweke huo ilikuwapo kabla ya tume yoyote. Nayo ni baraza.

Mpaka na watu wake

Horohoro ipo Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga. Ng'ambo yake ni Lunga Lunga, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya. Barabara ya lami ya kilometa 65 inaiunganisha na mji wa Tanga. Barabara hiyo ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Mfuko wa Changamoto za Milenia (MCC), katika mpango wa mwaka 2008 hadi 2013. Mabasi yaendayo Mombasa kutoka Dar es Salaam na Tanga hupitia hapo.

Mpaka wenyewe ni wa wageni. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuchora mstari ulioanzia mdomo wa Mto Umba, karibu na Vanga, na kwenda hadi Ziwa Viktoria. Mstari huo uliwakuta Wadigo na Wasegeju wakiwa wamekaa pande zote mbili, na hadi leo wamekaa hivyo hivyo. Mtu aliyefanya kazi miaka 30 bandarini Mombasa huweza kurudi kuzeekea Duga au Moa akiwa na shangazi upande huu na wajukuu upande wa pili.

Mstaafu wa namna hiyo hana shida kubwa ya kupata wenzake. Mwenye shida ni yule anayetoka mbali zaidi, kama vile Kisumu, Nyeri au Kampala, aliyevutiwa na bahari na ukimya wa Tanga lakini hana ndugu hata mmoja katika mji huo. Huyo ndiye anayehitaji kuelewa mambo yanavyokwenda.

Bao lipi?

Jambo la kwanza ni kujua kwamba si kila mchezo wa mashimo na kete ni bao la Kiswahili. Waluo wana ajua, wenye safu 2 za mashimo. Wakikuyu wana giuthi, nao ni wa safu 2. Katika michezo hiyo kete zilizoliwa huwekwa kando kama akiba ya mshindi.

Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8 kila moja, yaani mashimo 32. Kila mchezaji humiliki safu 2 zilizo upande wake. Kete ni 64, na aghalabu ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe. Kete zinapoliwa hazitoki mchezoni. Humwagwa tena, moja moja, katika mashimo ya yule aliyezila. Kwa sababu hiyo aliyeelemewa huweza kugeuza mambo kwa zamu moja, na mtazamaji asiyejua mchezo hawezi kusema ni nani anayeongoza.

Mchezo una hatua mbili. Mwanzoni kila mchezaji huwa na kete 6 katika nyumba, ambayo ni shimo kuu la safu ya mbele, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kulia kwa nyumba. Kete 22 hubaki mkononi. Hatua ya kwanza huitwa kunamua: kila zamu mchezaji hutia kete moja katika shimo lake la mbele lenye kete, na kama shimo linalolielekea lina kete za mpinzani, huzila. Kete za mkononi zikiisha huanza hatua ya pili, mtaji, ambapo mchezaji huchota kete zilizomo ubaoni.

Anayebakiwa na safu tupu ya mbele, au anayekosa pa kwenda, ameshindwa. Anayeshindwa wakati wa kunamua, kete zikiwa bado hazijaisha mkononi, huambiwa amefungwa mkononi, na utani wake huweza kudumu wiki nzima.

Kwa mgeni ipo njia nyepesi zaidi, nayo ni bao la kujifunza. Hapo kila shimo hutiwa kete 2 na mchezo huanzia moja kwa moja katika mtaji. Mzee anayekubali kumfundisha mgeni aghalabu ataanzia hapo. Mtu wa Uganda aliyezoea omweso ana nafuu, kwani mchezo wake nao ni wa mashimo 32 na kete 64, ingawa hauna nyumba wala kunamua.

Aidha, mgeni asitarajie kuwa bingwa kwa miezi michache. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1995. Alivutiwa na uwezo wao wa kukokotoa kichwani mizunguko mirefu ya kete kabla ya kugusa ubao. Uwezo huo ni matunda ya miaka mingi.

Adabu za baraza

Baraza halina fomu ya uanachama. Huenda likawa sehemu ya mbele ya nyumba ya mtu, kivuli cha mwembe au benchi karibu na muuza kahawa. Muda wake mkubwa ni baada ya sala ya alasiri hadi magharibi. Adhana ikisikika, kete huachwa kama zilivyo au bao likahesabiwa limekwisha. Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika, na wengi huhamishia mchezo usiku.

Mgeni hafiki na kuomba kucheza. Hufika, hutoa salamu kwa wote, na kama yupo aliyemzidi umri humwamkia shikamoo, hata kama yeye mwenyewe alikuwa mkurugenzi alikotoka. Kisha huketi na kutazama. Ataulizwa ametoka wapi, amefikia kwa nani na anakaa nyumba ipi. Maswali hayo si ya upelelezi. Ndiyo njia ya baraza ya kumpa mtu jina na mahali.

Kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata hugharimu fedha kidogo, lakini mgeni anayewanunulia waliokaa karibu naye amekwishajitambulisha. Siku ya pili au ya tatu atasikia mtu akisema, "Mzee, njoo ujaribu." Hapo ndipo nafasi yake inapoanzia.

Katika mabaraza mengi aliyeshindwa huinuka akampisha mwingine. Mgeni ashindwe bila kununa, na akishinda asitambe siku ya kwanza. Watazamaji watampa ushauri kwa sauti, wakati mwingine ushauri unaopingana. Kuwakasirikia ni kosa, kwa kuwa kelele zao ni sehemu ya mchezo. Masuala ya kamari ni vyema kuyaepuka kabisa.

Hata hivyo, kwa mazoea ya pwani baraza la nje limekuwa zaidi mahali pa wanaume. Mstaafu mwanamke anayependa michezo ya mezani atapata urahisi zaidi akianzia kwa majirani wanawake, uani na ndani ya nyumba, ambako karata huchezwa na mazungumzo huwa marefu.

Michezo mingine ya jioni

Asiyeliweza bao hajakosa kila kitu. Drafti huchezwa pande zote mbili za mpaka, mara nyingi kwa vizibo vya soda juu ya ubao uliochorwa kwa mkono. Kanuni zake hutofautiana kati ya Kenya na Tanzania, na hata kati ya mtaa na mtaa, hasa kuhusu mwendo wa kingi na kama ni lazima kula. Ni busara kuuliza kabla ya kuanza. Ugomvi mwingi wa drafti hutokana na watu wawili waaminifu wanaocheza kwa sheria mbili.

Dhumna nayo ina wapenzi wake katika miji ya pwani na visiwani, na hutambulika kwa kishindo cha vipande vinavyopigwa mezani. Kwa karata, mgeni atakutana na michezo ambayo hakuizoea kwao. Keram hupatikana pia, ingawa wachezaji wake wengi ni vijana.

Si wazee wa Tanga pekee wanaozeeka na michezo hiyo. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeng'atuka urais mwaka 1985 na baadaye kuishi kijijini kwake Butiama, anakumbukwa pamoja na mengine kuwa mpenzi wa bao. Nje ya Afrika Mashariki, Wazanzibari waliohamia Oman baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na wengine baada ya mwaka 1970, waliingia katika nchi yenye mchezo wake wa safu 4 uitwao hawalis. De Voogt aliuandikia mchezo huo mwaka 2003.

Karatasi nazo zina nafasi yake

Mgeni asiyekamilisha karatasi zake hatulii barazani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia na kutembelea nchi nyingine, na pasi ya matembezi huweza kufikia miezi 6. Muda huo unatosha kabisa kwa mtu anayetaka kuonja maisha kabla ya kuhama.

Kuishi moja kwa moja ni suala jingine. Tanzania ina vibali vya ukaazi vya madaraja A, B na C, na wastaafu wametajwa katika daraja C. Kenya ina kibali cha daraja K, kwa mtu mwenye umri wa miaka 35 au zaidi aliye na kipato cha uhakika asichokitafuta kwa kufanya kazi nchini humo. Ada na masharti hubadilika, hivyo ofisi ya Uhamiaji ndiyo ya kuulizwa, wala si dalali wa mpakani.

Vilevile, Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mstaafu wa kigeni anayeambiwa kuna kiwanja cha bei nafuu karibu na bahari afikirie kwanza kupanga nyumba. Na popote atakapopanga, ajitambulishe mapema kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Mwenyekiti humjua kila mtu, na mara nyingi anajua pia nani ana ubao.

Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba

Kosa kubwa ni kuchagua nyumba mchana, wakati mabaraza ni matupu. Nyumba iliyo katikati ya shamba, yenye ukuta mrefu na upepo mzuri, huweza kuwa kilometa 3 kutoka kwa binadamu wa kwanza anayecheza bao. Mtu wa miaka 60 ataitembea njia hiyo. Wa miaka 75 hataiweza.

Kwa hiyo anayetafuta nyumba Tanga, Mkinga au Horohoro yenyewe afike mtaani saa kumi na moja jioni, kwa siku tatu mfululizo. Aangalie watu wameketi wapi, asikilize sauti za kete zinavyogonga mbao, ahesabu hatua kutoka hapo hadi mlango anaotaka kuupanga. Ikiwa mtaa hauna baraza, anaweza kuja na ubao wake na kete 64, akauweka nje na kuketi. Hata asipokuwa na ubao, mashimo 32 huchimbika ardhini kwa dakika chache, na kokoto zipo.

Faida ya juhudi hizo huonekana siku ambayo mstaafu hakutoka nje. Ana homa, au ameanguka bafuni, na watoto wake wako nchi nyingine. Jioni ikifika mtu barazani atauliza, "Yule mzee wa Kisumu leo yuko wapi?" Kisha mmoja atainuka kwenda kugonga mlango.