Ngoma, Ubao na Kamati ya Ufundi

Kocha wa kigeni anayekuja kufundisha soka Tanzania hujifunza mapema kwamba klabu ina vikao asivyoalikwa. Anaweza kufika na vijana wake uwanjani, lango rasmi li wazi, nao wakatafuta upenyo mwingine wa kuingilia. Akiuliza, ataambiwa hayo ni mambo ya kamati ya ufundi, yaani wale wanaoshughulikia dawa na ndumba za timu. Simba na Yanga zimewahi kutozwa faini, tena zaidi ya mara moja, kwa kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi. Zililipa, na mchezo ukaendelea. Kirumba, Mwanza, penye uwanja mkubwa wa CCM na mwalo wa dagaa hatua chache kutoka ziwani, habari za namna hii hazimshangazi mtu. Usukumani, mashindano na dawa vilikuwa ndugu kabla mpira wa miguu haujaletwa.

Wazee husimulia habari za waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma ili ijulikane dawa ya nani ina nguvu. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na upinzani huo haujaisha hadi leo. Mavuno yakishaingia ghalani, makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji wana hiari ya kwenda wanakovutwa. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo kiongozi wa ngoma alihitaji sauti, mashairi, wachezaji waliofunzwa barabara, na dawa ya kuvuta watu iitwayo samba. Wengine walicheza na majembe, kama wa bugobogobo. Wengine walicheza na nungunungu au na chatu.

Wale wa nyoka, Bayeye, wanastahili kutazamwa kwa makini. Mtu hakuwa Muyeye kwa kupenda tu. Aliingizwa chamani, akatoa ada, akala kiapo cha siri, kisha akafundishwa: nyoka yupi ana sumu, jani lipi na mzizi upi ni wa aliyeumwa, chanjo inapigwa wapi mwilini. Aliyejua zaidi alipanda daraja. Nyumbani nako kulikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee waliwafunza vijana mambo ya mifugo, ukoo na adabu. Hizo zilikuwa shule, zenye walimu, masharti na mitihani, na katika mtihani wa Bayeye aliyeshindwa aliweza kufa.

Wageni waliokuja na ubao hawakuziona. Mapadre Weupe, waliokimbia misukosuko ya Buganda, walifungua misheni Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Waprotestanti nao walikuwa wamekwishafika pwani ya kusini ya ziwa. Wengi wao, wa pande zote mbili, waliweka ngoma, tambiko, hirizi na mitishamba kwenye fungu moja la upagani, na aliyetaka kubatizwa alitakiwa kuliacha lote. Serikali ya Waingereza ikafuata na Sheria ya Uchawi ya 1922, iliyotungwa upya 1928. Dhamira ya kulinda watu ilikuwapo, lakini macho ya mgeni yalikuwa na shida kumtenga mganga na mchawi, watu wawili ambao kwa Msukuma ni maadui.

Walikuwapo walioamua kuuliza kwanza. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja kuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika juu ya chama cha Bayeye mwaka 1946, na mwaka 1953 akatoa kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma.

Lakini aliyekwenda mbali zaidi ni Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec, aliyehamia Bujora karibu na Kisesa mwaka 1954. Wasukuma walimwita Fumbuka. Alifanya kazi na wazee na watunzi wa nyimbo, akaingiza ngoma kanisani wakati ambapo waumini wengi walikuwa wamefundishwa kuiogopa. Kanisa la Bujora likajengwa la mviringo, mfano wa nyumba ya Kisukuma. Pembeni yake ikakua makumbusho yenye ngoma za watemi, zana za waganga, na jengo zima kwa ajili ya Bagika na Bagalu. Sikukuu ya Ekaristi ikapata sura mpya kwa jina la Bulabo, yaani maua: maandamano yakiisha, makundi yanaingia uwanjani kushindana kama zamani. Kukubali hivyo kulihitaji ujasiri. Padre alijua wachezaji hawakuacha dawa zao nyumbani.

Ng'ambo kidogo ya maji, Ukerewe, mambo yalikwenda kinyume, na kwa maoni ya wengi yalizaa tunda kubwa zaidi. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, alisomeshwa na mapadre katika seminari ya Rubya hadi akajua Kilatini na Kijerumani. Elimu hiyo hakuitumia kuwakana wazee wake. Kwa kutiwa moyo na Padre Almas Simard kutoka Kanada, aliandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza 1945. Ndani yake wanandoa wasio na mtoto wanakwenda kwa mganga, na msomaji anaonyeshwa dawa, masharti na adabu za ugeni kwa utulivu wa mtu anayeeleza jambo la kawaida. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akafariki 1981, wakati kitabu ndiyo kwanza kinatoka.

Baada ya uhuru ikaja zamu ya walimu wa kujitolea na wa mkataba. Mpango wa Teachers for East Africa ulianza 1961, na vijana wa Marekani na Uingereza wakajikuta mbele ya madarasa yaliyokaa kimya. Mwalimu alitaka abishiwe. Mwanafunzi alilelewa kutombishia mkubwa. Mwalimu aliona macho yanayotazama chini akadhani mtoto anaficha kosa, kumbe anapewa heshima ambayo hajawahi kupewa kwao.

Madaktari walipata mtihani mgumu zaidi. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa 1971, na mji wa Würzburg, Ujerumani, wenye udugu na Mwanza tangu 1966, umekuwa na uhusiano nayo wa miaka mingi. Daktari mgeni katika nchi hii alikutana na wazazi walioamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo walianzia kwa mganga na kufika hospitali saa zimekwenda. Kumwita mzazi huyo mjinga hakukuokoa mtoto. Na hofu ya aina hiyo haina rangi: ndege za Lufthansa, shirika la Ujerumani, hazina safu ya viti namba 13, inayoaminiwa kuwa ya mkosi.

Hata hivyo, heshima kwa mila isiwe pazia la kufunikia damu. Kanda ya Ziwa imeua vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe waliopikia maisha yao yote. Kuanzia 2007 watu wenye ualbino waliwindwa kwa viungo vyao, kwa tamaa ya utajiri wa madini na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wauaji watatu, na Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli chonganishi.

Ukatili huo hauna mizizi katika shikome. Samba ilikuwa dawa ya kuvuta umati bila kumkata mtu kiungo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 imeweka Baraza la kuwasajili waganga, ili anayejua mizizi atambuliwe na anayetaja majina ya wachawi aachwe nje. Kazi hiyo ya kutenganisha ndiyo ambayo wageni wa 1883 na watunga sheria wa 1922 hawakuifanya. Sheria ya Uchawi nayo bado inatumika, ikiwa Sura ya 18 ya sheria za nchi.