Mkufu wa Meya na Wapangaji wa Nairobi

Baada ya hesabu za fedha na habari za kamati, twapenda mwaka huu kuwakumbusha wanachama wetu kisa cha mwaka 1962, pale Bwana Charles Rubia alipochaguliwa kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Mwisho wa kisa hiki wajulikana na wengi. Katikati yake husahauliwa, napo ndipo panapowahusu watu waishio katika nyumba za kupanga.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kuwa kituo cha reli. Baraza la Mji lilipoundwa, viti vilikuwa vya Wazungu na vichache vya Wahindi. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni, aliyekuja kufanya kazi na ambaye siku moja angerudi kwao. Lakini mgeni huyu alikuwa mlipaji. Alilipa kodi ya chumba, au pengine ya kitanda tu, katika nyumba za Baraza huko Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni. Jioni alinunua pombe katika kilabu cha Baraza huko Pumwani, maana tangu miaka ya 1920 Baraza lilijiwekea haki ya kupika na kuuza pombe ya Kiafrika, na faida yake ikatumika kwa huduma za Waafrika. Basi ule ustawi aliogawiwa, alikuwa amekwisha kuununua mwenyewe kwa kibuyu! Na kura hakuwa nayo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waafrika wachache waliingizwa barazani, nao kwa kuteuliwa. Tarehe 30 Machi 1950 Duke wa Gloucester, nduguye Mfalme, alileta hati ya kuufanya mji kuwa Jiji. Bwana Fred Kubai na Bwana Makhan Singh, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, waliwaita watu wasusie sherehe hizo. Walisema ya kwamba mfanyakazi hana la kushangilia, na watu wengi waliogopa kuwa mipaka ya Jiji ingepanuliwa juu ya mashamba yao. Mwezi wa Mei mwaka ule ule wote wawili walikamatwa, na mgomo mkubwa ukafuata.

Ilipotangazwa Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952, kiti cha diwani Mwafrika kikawa kiti cha hatari kweli kweli. Bwana Tom Mbotela aliuawa mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Na mwaka 1953 Bwana Ambrose Ofafa, diwani na mtunza hazina wa Luo Union, naye akapigwa risasi akafa. Wako wasemao kwamba madiwani wa kuteuliwa walikuwa vibaraka tu. Sisi hatulikubali neno hilo jepesi. Walikaa katikati: huku serikali iliyowateua bila kuwapa nguvu, huku watu waliowadai nguvu ambazo hawakupewa. Baraza liliwakumbuka kwa kuyaita mitaa ya nyumba majina yao, na hata leo mtoto aliyezaliwa Mbotela au Ofafa hutaja jina la marehemu kila atajapo anwani yake, mara nyingi bila kujua.

Mwezi wa Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji na kuupekua mtaa kwa mtaa, katika msako ulioitwa Anvil. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini, wengi wao Wakikuyu. Mwaka mmoja tu baadaye Bwana Rubia, mzaliwa wa Murang'a, aliingia barazani kwa kuteuliwa. Fikirini ni moyo gani uliotakiwa kukubali kiti kile wakati ule. Alikaa, akajifunza kazi za kamati, akawa naibu wa Meya, na mwaka 1962 akavikwa mkufu. Gavana Mwingereza alikuwa bado yu katika makao yake. Bendera ya Kenya haikupandishwa mpaka Desemba 1963. Mji ulitangulia nchi.

Hata hivyo lazima tuseme wazi kura ile ilikuwa ya nani. Meya hakuchaguliwa na wakazi. Madiwani ndio waliopiga kura miongoni mwao, ndani ya ukumbi wao. Mpangaji wa Pumwani aliisikia habari njema, akafurahi kwa haki, lakini hakuulizwa. Kuhusu mipaka, ile hofu ya 1950 haikuwa ndoto: mwaka 1963 Jiji lilipanuliwa likawa na eneo la karibu kilometa za mraba 690.

Bwana Rubia aliuacha umeya mwaka 1967. Desturi ile ya madiwani kumchagua Meya ilibaki baada yake, hata kwa Bibi Margaret Kenyatta, mwanamke wa kwanza kuushika umeya wa Nairobi, mwaka 1970. Mwaka 1983 serikali ililivunja Baraza, Jiji likatawaliwa na tume kwa miaka mingi, na hapo hata kura ya diwani ikapotea. Umeya wenyewe uliondolewa kufuatana na Katiba ya 2010. Tarehe 4 Machi 2013 wakazi walimchagua gavana wa Kaunti ya Nairobi, na kwa mara ya kwanza mpangaji wa Kaloleni alipewa karatasi yenye majina ya watu waliotaka kuuongoza mji wake, akatia alama kwa mkono wake mwenyewe.