Seva Inaanzia Kwenye Nguzo

Vijana wanaokuja kwenye banda langu la ufundi hapa Namswea huwa na swali moja: "Shikamoo fundi, seva ya gemu inataka kompyuta gani?" Wanasubiri nitaje prosesa, ramu na bei. Mimi huwauliza kwanza nguzo ya umeme iko mbali kiasi gani na kwao, na kama mashine ya kusaga imefungwa kwenye laini hiyohiyo. Hawalipendi swali hilo. Lakini nimeshika bisibisi miaka mingi katika wilaya hii ya Mbinga, na naamini kwamba historia ya michezo ya pamoja ya kompyuta huku kwetu ni historia ya umeme na mawasiliano kwanza, ya kompyuta baadaye. Mashine yenyewe ilikuja mwisho, tena ndiyo nafuu kuliko vyote.

Huko ilikoanzia mambo yalikwenda kinyume: umeme ulikuwepo, mashine ndiyo iliyokuwa adimu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo ulioitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Ulikuwa wa maandishi matupu, hauna picha hata moja, lakini watu kadhaa waliingia humo kwa wakati mmoja na kukutana. Uliendeshwa na kompyuta ya chuo, DEC PDP-10, mtambo wa makabati yaliyojaza chumba. Watu wa nje waliruhusiwa kuucheza usiku, kazi za chuo zikishapungua.

Kwetu, kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Kisha mwaka 1974, baada ya hesabu za Hazina kuvurugika, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Kwa hiyo vijana wa Essex walipokuwa wanatembea kwenye nchi yao ya kubuni, kijana wa Tanzania Bara hakuwa na kompyuta wala televisheni mbele yake. Televisheni za kwanza za Bara, ITV ikiwemo, zilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Sisemi haya kwa kulaumu, maana nchi ilikuwa na mengine ya kununua kwa fedha za kigeni. Ila anayetaka kujua kwa nini tumechelewa aanzie hapo, asianzie kwa vijana.

Desemba 1993 mchezo wa Doom ukatoka Marekani. Watu wanne waliweza kupigana humo, kila mmoja na kompyuta yake, zikiwa zimeunganishwa kwa waya. Hapakuwa na seva. Kila kompyuta ilipiga hesabu ya mchezo mzima yenyewe na kuzisubiri nyingine, hivyo mmoja akiwa na mashine nzito, wote wanne walikuwa wazito. Toleo la kwanza lilitapakaza ujumbe kwenye mtandao mzima mpaka mitandao ya ofisi na vyuo ikakwama. Mwaka 1996 watengenezaji walewale wakatoa Quake wakiwa wamebadili mpango wote: kompyuta moja ndiyo inayoshika ukweli wa mchezo, nani yuko wapi, nani amepigwa, na nyingine zinailetea habari za vidole vya wachezaji wao tu. Na kompyuta hiyo iliweza kuwashwa ifanye kazi hiyo peke yake, bila mchezaji, bila picha. Mwezi Desemba mwaka huohuo John Carmack, mmoja wa watengenezaji hao, akaongeza QuakeWorld, iliyoiwezesha kompyuta ya mchezaji kukisia hatua zake mwenyewe bila kusubiri jibu la seva, ili hata wenye laini mbovu za simu wacheze.

Wazee wa huku niliwaeleza jambo hili kwa mganda. Kijiji kinapoalika vijiji vingine kucheza mganda, kinabeba uwanja, chakula na utaratibu. Wageni wanakuja na ngoma zao na miguu yao. Seva ya aina ile ni kijiji mwenyeji ambacho siku hiyo hakichezi, kinahudumia tu. Mzigo wake unapimwa kwa idadi ya wageni.

Kazi ya kuhudumia yenyewe ni hii. Seva ya mchezo wa Minecraft hupiga mzunguko mara 20 kwa sekunde, yaani kila mzunguko una milisekunde 50. Ndani ya muda huo lazima ipokee alichofanya kila mchezaji, isogeze wanyama na maji, iamue nani amegonga nini, kisha iwajibu wote. Ikichelewa, ng'ombe wanasimama na mlango unafunguka sekunde nzima baada ya kuguswa. Haichori picha yoyote. Hapo ndipo vijana wengi wanapotupa fedha, kwa kununua kadi ya picha ya bei kali ili waiweke kwenye mashine isiyoonyesha picha kwa mtu.

Wakati Quake inatoka, sisi tulikuwa na vibanda. Nilikulia humo. Televisheni ya kichogo juu ya meza, mchezo wa kaseti, baadaye PlayStation, na nje jenereta dogo la petroli limefungwa kamba kwenye mti lisitambae. Mwenye kibanda alikuwa anasikiliza jenereta kuliko anavyotazama gemu. Mafuta yakikaribia kwisha, picha ilianza kujikunja pande zote, inakuwa ndogo, ukingo mweusi unaongezeka, na hapo kila mtu alijua zimebaki dakika chache. Aliyefungwa aliachia pedi, mwingine akashika. Huo ndio uliokuwa mchezo wetu wa pamoja: skrini moja, pedi mbili, na mtandao wote haukuzidi urefu wa waya wa pedi. Mwenye kibanda alilipa mafuta kabla hajapata shilingi, na wengi walifunga kwa sababu hiyo, si kwa kukosa wachezaji.

Mpaka mwaka 2018 Songea na Mbinga zilikuwa nje ya gridi ya Taifa, na kwa miaka mingi zilitegemea mitambo ya dizeli. Mabadiliko yalianza na maji ya mito yetu. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole waliwasha mtambo wa Tulila kwenye Mto Ruvuma, wa megawati 5, na hapa Mbinga mtambo mdogo wa maji wa Mbangamao ukaanza kuiuzia TANESCO umeme. Wanawake wa shirika la kitawa wakajenga kituo cha umeme wa mkoa! Jambo hilo linastahili kufundishwa shuleni kuliko majina mengi tunayokaririshwa. Kisha mwaka 2018 njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa kilomita 250 hivi, ikafika Songea, na dizeli ikapumzika. Nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini (REA) zikaendelea kupanda milima kijiji baada ya kijiji. Kwangu mimi mwaka 2018 ni mkubwa kuliko mwaka wa kutoka kwa gemu yoyote.

Mawasiliano nayo yana hesabu yake, na naipenda kwa sababu haibishaniwi. Zamani intaneti ya nchi hii ilipita kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu. Ujumbe unapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: kilomita 144,000, karibu nusu sekunde hata kwa kasi ya mwanga. Mchezo wa kurushiana risasi hauwezekani hapo, uwe na kompyuta ya kifalme. Julai 2009 kebo ya bahari ya SEACOM ikatua Dar es Salaam, EASSy ikafuata mwaka 2010, na mkongo wa Taifa ulioanza kujengwa mwaka 2009 ukasambaza njia hiyo mikoani. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ukasaidia kugharimia minara ya vijijini, ambako kampuni zisingekwenda kwa faida peke yake.

Ndani ya kebo ya kioo mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, zaidi ya kilomita 10,000 kwa njia ya bahari, kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100, hata mitambo ikiwa haipotezi chochote. Ikiwa Dar es Salaam, kilomita kama 1,000 kutoka huku, ni milisekunde 10. Mnara wa simu unaongeza ucheleweshaji wake juu ya hapo, lakini nyongeza hiyo ni ileile seva ikiwa Dar au Ulaya. Kwa hiyo mashine ya kawaida Dar inamhudumia mtoto wa Namswea vizuri kuliko mashine ya kifahari Frankfurt. Mashine iliyo hapahapa Namswea inazishinda zote mbili.

Ndiyo niliyoiwasha. Ni laptopu kuukuu ya ofisi, kioo kimepasuka, hakuna aliyeitaka. Ina ramu ya gigabaiti 4 na prosesa ya viini viwili. Vijana wanacheza kwa simu, na seva ya toleo la simu la Minecraft inadai viini viwili na gigabaiti 1 tu. Nilichobadilisha ni diski: niliitoa ya kuzunguka nikaweka isiyozunguka, kwa sababu seva huandika ulimwengu wake mara kwa mara na diski ya zamani ilikuwa inaukwamisha mchezo kila inapoandika. Ruta ya Wi-Fi iko juu ya dari, na kwa kucheza hapa kijijini hatuhitaji bando.

Betri ya laptopu imebakiwa na uhai wa kama nusu saa, na hiyo ndiyo sababu niliichagua badala ya kompyuta ya mezani: umeme ukikatika, seva haizimi ghafla, inapata nafasi ya kuhifadhi. Mashine ya kusaga ikiwashwa volti zinaanguka, hivyo nimeweka stebilaiza. Vumbi la unga na udongo mwekundu huingia kwenye feni. Naifungua, naipiga brashi, naweka grisi mpya kwenye prosesa. Radi ndiyo adui mkubwa. Kuanzia Novemba mvua zikianza nachomoa waya ukutani kila wingu linapotanda, na nimegongelea chuma cha ardhi nje ya banda, mahali panapobaki na unyevu hata kiangazi. Baridi ya Juni na Julai ya milima ya Umatengo, kwa upande mwingine, inanifanyia bure kazi ambayo wenye maghala ya seva mijini wanailipia viyoyozi mchana na usiku.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ikadorora nchi nzima. Hapa bandani mchezo uliendelea. Vijana waligundua tatizo walipotaka kutuma ujumbe.

Kilichobaki ni kuwapokea wageni. Vijana wa Mbamba Bay wanaweza kufika Mbinga mjini kwa barabara ya lami ya kilomita 66, lakini kwenye seva yangu hawawezi kuingia. Mtandao wa simu unawapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, na mtu wa nje hana njia ya kuifikia laptopu iliyo nyuma yake. Dawa yake inajulikana: kukodi kimashine kidogo Dar es Salaam chenye anwani yake chenyewe, laptopu ikipigie yenyewe, na wageni waingilie huko. Ada inalipwa kila mwezi, nami nimeshaanza kuzungumza na mafundi wenzangu wa Mbamba Bay tuigawane.