Sanduku la Fyuzi Liwekwe Wapi Nyumbani?

Mtu akijenga nyumba hapa kwetu Pwani, hukaa na fundi wakapanga mlango uelekee wapi, ukumbi uwe na upana gani na madirisha yapokeeje upepo. Sanduku la fyuzi ndilo halipangiwi. Huachiwa fundi wa stima siku za mwisho, naye hulipachika pale ambapo waya hautamgharimu: nyuma ya mlango wa choo, ndani ya kabati la nguo au juu ya ngazi. Wenye nyumba wanahamia, na mambo yanaonekana sawa, mpaka usiku mmoja harufu ya mpira unaoungua inapojaa chumbani na hakuna ajuaye pa kukimbilia.

Sanduku hili ndipo umeme wote wa nyumba unapopitia. Mna swichi kuu ya kuzima nyumba nzima na fyuzi au breka za kila njia: taa, soketi, hita ya maji, jiko. Katika nyumba zilizofungwa vizuri, mna pia swichi inayokata umeme unapovuja, ambayo aghalabu hukata uvujaji ukifika miliampia 30, ili mtu aliyeshika waya asife. Umeme wetu ni wa volti 240, na hauna mzaha.

Kanuni zenyewe zatoka wapi

Kenya ilirithi utaratibu wa Uingereza katika ufungaji wa stima. Ndiyo sababu plagi zetu zina pini tatu za mraba kama zao, na mafundi wetu husomea kanuni za Kiingereza zijulikanazo kama BS 7671. Wamarekani nao wana kanuni yao ya taifa, iitwayo NEC. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1897 na hupitiwa upya kila baada ya miaka 3. Hiyo ya Marekani haina nguvu ya kisheria hapa, lakini imeeleza suala la mahali kwa uwazi zaidi, na sababu zake zafaa nyumba yoyote. Hebu tuzitazame zote mbili.

Mahali panapokatazwa

Bafuni. Kanuni ya Marekani yakataza kabisa kuweka fyuzi au breka katika bafu la nyumba ya kuishi. Waingereza wanaligawa bafu kwa maeneo. La kwanza ni pale mtu anapoogea, mpaka kimo cha mita 2.25. La pili huanzia hapo na kwenda sentimita 60 zaidi. Vifaa viruhusiwavyo humo ni vichache, na sanduku la fyuzi la kawaida si kimojawapo. Ukipima vyoo vyetu vingi ambavyo ndimo tunamoogea, utaona maeneo hayo mawili yameshakula chumba karibu chote. Mwili uliolowa maji hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na miguu huwa mitupu juu ya sakafu ya majimaji.

Kabati la nguo. Wamarekani wanakataza sanduku lisikaribiane na vitu vinavyoshika moto upesi, na mfano wanaoutaja ni kabati la nguo. Waya uliolegea kwenye kiungo chake hupata joto, na joto likikutana na pamba, moto haukawii. Kwetu mfano huo unafika mbali: stoo ya magodoro, rundo la mikeka, na paa la makuti. Sanduku lisipandishwe likakaribia makuti. Mtungi wa gesi pia usiwekwe chini yake, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama chini ikisubiri cheche.

Juu ya ngazi. Kanuni hiyo yakataza kuweka fyuzi juu ya vidato vya ngazi. Mtu anayetengeneza stima ahitaji kusimama imara kwa miguu yote miwili. Ngazi za nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale Mombasa ni nyembamba na zimesimama wima, na akirushwa na umeme pale, atakayemuua huenda akawa ni mwanguko.

Kimo na nafasi

Marekani yataka mkono wa breka usipite mita 2 kutoka sakafuni. Mbele ya sanduku pawe na nafasi tupu ya upana wa sentimita 76 na kina cha sentimita 91, na kimo cha karibu mita 2. Nafasi hiyo si ya kuweka friji wala pikipiki. Uingereza, katika mwongozo wa ujenzi wa nyumba mpya, yataka swichi za sanduku ziwe kati ya sentimita 135 na 145 kutoka sakafuni. Kimo hicho mtoto mdogo hakifikii kwa urahisi, lakini bibi au mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kukifikia. Wengi wetu hulipandisha sanduku hadi karibu na dari kwa kuogopa watoto. Hofu hiyo ina maana, lakini matokeo yake ni kutafuta stuli gizani wakati nyumba inafuka moshi.

Nyumba za kupanga

Hapa ndipo pana dhuluma ambayo watu wameizoea. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi wa kati na vyumba huku na huku hupangishwa chumba kwa chumba. Sanduku moja la fyuzi hukaa chumbani kwa mwenye nyumba au kwa msimamizi, na mlango una kufuli. Msimamizi akisafiri, breka ikikata, wapangaji hukaa gizani. Hilo ni la kuudhi tu. La kuua ni pale waya unapowaka moto na wapangaji hawawezi kuzima.

Kanuni ya Marekani yasema kwamba kila mkaaji awe na njia ya wazi ya kuzifikia fyuzi zinazolinda sehemu anayokaa. Ya Uingereza nayo yataka vifaa vya umeme viwekwe mahali panapofikika kwa kutumiwa, kukaguliwa na kutengenezwa. Kwa maoni yetu, mwenye nyumba apaswa kulitoa sanduku chumbani na kuliweka ukumbini, palipo pakavu na pa wazi. Akihofia kuchezewa, na afunge mlango wa mita, lakini swichi ya kuzimia iwe mikononi mwa wanaolala humo.

Chumvi na unyevu wetu

Pwani ina adui ambaye vitabu vya London havikumwekea uzito: upepo wa chumvi. Huko Uingereza, tangu mwaka 2016, sanduku jipya la nyumbani lazima liwe la kitu kisichoshika moto, kama vile chuma, kwa sababu ya masanduku ya plastiki yaliyokuwa yakiwaka pale viungo vilipolegea. Ni kanuni nzuri, lakini chuma kwetu huliwa na kutu. Basi sanduku la chuma liwe na rangi nzuri, likae ndani ya nyumba, mbali na dirisha linaloelekea baharini. Likilazimika kuwa nje, litafutwe lile la kuzuia maji, lenye alama ya IP65, maana yake vumbi haliingii na maji ya kumwagwa kwa nguvu hayaingii.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji. Ukuta ulioshikana na choo, au unaolia wakati wa masika, usiwekwe sanduku. Na palipo na mafuriko, lipande juu ya alama ya maji ya mwaka mbaya kuliko yote mnaoukumbuka.

Nani aguse

Kazi ya waya za nyumba nchini Kenya ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Mwulize leseni kabla ya kuulizana bei, na akimaliza akupe cheti cha kazi yake. Mita ni mali ya kampuni ya umeme, na lakiri yake haikatwi na fundi wa mtaani, hata kama ni kuisogeza hatua moja.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo jioni, kabla ya kulala, mpeleke kila mkaaji wa nyumba mbele ya sanduku, pamoja na watoto wanaojua kusoma. Waonyeshe swichi kuu na upande wa kuizimia. Bandika karatasi kueleza kila breka ni ya nini. Kisha zima taa, mwambie mmoja wao aifikie kwa kupapasa. Asipoweza, sanduku lako liko mahali pasipofaa.