Ukialikwa ng'ambo, nauli ni ya nani?

Nakata tiketi za ndege hapa Mombasa, na kuna suali naulizwa kwa sauti ya chini: "Mteja ataka nimfuate Dubai siku tano, au Ujerumani. Nauli tuipange vipi?" Kazi ya kumsindikiza mtu kwa malipo kila mmoja ana lake la kusema, nami sihukumu. Langu ni nauli, maana hapo ndipo wengi huumia.

Kanuni ni hii: gharama za safari hulipwa na anayekuita, kabla hujaondoka, na kando ya malipo yako. Nauli ya "tutahesabiana ukifika" ni deni. Na kukopa arusi, kulipa matanga.

Deni la nauli lilivyofunga watu

Tazameni Benin City, Nigeria. Kwa miaka mingi wanawake wa huko walipelekwa Italia na "madamu" aliyewalipia safari. Wakifika, wengi waliambiwa wadaiwa yuro 30,000 hadi 50,000, wazilipe kwa kuuza miili yao. Walikuwa wameapishwa kwa waganga kwamba watalipa, na kiapo kiliwafunga kuliko kamba. Machi 2018 Oba wa Benin, Ewuare II, alivibatilisha viapo hivyo hadharani.

Gharama za kuhesabu

Tiketi ya kwenda na kurudi, visa, bima, malazi, teksi, chakula na siku za njiani. Visa ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Yataka pia bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Mwambie haya mapema, kwa maandishi.

Tiketi yenyewe

Kubuki si kulipa. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13; itazame kwenye tovuti ya shirika la ndege, si kwenye picha uliyotumiwa. Tena, tiketi iliyolipwa kwa kadi ya mteja, akiifuta, pesa za kurudishwa humwendea yeye, nawe umebaki ugenini. Kadi ikiwa ya wizi, tiketi yaweza kufutwa ukiwa njiani. Bora akutumie pesa ukate mwenyewe. Ujumbe wa M-Pesa huweza kughushiwa, kwa hivyo tazama salio kwanza.

Akikwambia umlipe "ajenti wa visa" kisha atakurudishia, hapo hakuna safari. Wewe ndiye unayeliwa.

Na uwe na nauli yako ya kurudia, mahali ambapo mwenyeji hajui.

Sheria ya unakokwenda

Dubai, kuuza mwili ni kosa la jinai. Ujerumani yaruhusiwa, lakini tangu 2017 mfanyakazi hulazimika kujiandikisha, na visa ya matembezi haikupi ruhusa ya kufanya kazi yoyote. Maana yake, ukidhulumiwa malipo ni vigumu kwenda kudai. Ndiyo nikasema pesa kwanza.

Pasipoti

Haishikwi na mteja, wala ajenti, wala "dada" aliyekuja kukupokea. Sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya ulanguzi wa binadamu yampa mlanguzi kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kuficha hati za mtu za kusafiria ili kumlangua ni kosa vilevile. Na hata kama ulikubali kwenda, ukidanganywa au ukilazimishwa, kukubali kwako hakumwokoi yeye. Aliye chini ya miaka 18 hana mjadala: anayempeleka ni mlanguzi.

Mambo yakiharibika

Weka picha za pasipoti, tiketi na anwani ya unakolala kwa mtu mmoja nyumbani unayemwamini, na mpangiane saa ya kupigiana simu kila siku. Ukizuiliwa, tafuta ubalozi. Kenya ina ubalozi Abu Dhabi na konsuleti Dubai. Aliye nyumbani apige 1195, simu ya msaada kwa waliodhulumiwa.

Mteja wa kweli hukasirika kidogo ukimwomba tiketi ya kurudi, kisha huilipa. Anayekataa kabisa hajapanga urudi.