Mkopo wa mchezaji: anaazimwa, anakodishwa au anauzwa?

Dirisha la usajili likifunguliwa, neno "mkopo" halipumziki. Fulani ametua kwa mkopo wa miezi sita. Kinda fulani anatolewa kwa mkopo akapate dakika za kucheza. Klabu fulani inataka mkopo wenye kipengele cha kumnunua jumla. Shabiki anaelewa papo hapo, wala hafikirii benki. Hata hivyo, ubishi wa kama mikopo ya wachezaji ipigwe marufuku au irekebishwe tu hauwezi kufika mbali kabla hatujaona kwamba neno hilo moja limebeba mambo matatu. Dawa ya moja si dawa ya jingine.

Kwa mujibu wa kanuni za FIFA, mkopo unafungwa kwa maandishi kati ya klabu mbili na mchezaji mwenyewe, kwa hiyo bila ridhaa yake haondoki. Mkataba wake na klabu mama haufi. Majukumu yake husimama hadi atakaporudi, isipokuwa pande husika zimeandikiana vingine. Huko aendako anasajiliwa kama mchezaji wa timu. Nani analipa mshahara, kama kuna ada, na kama klabu mama inaweza kumrejesha kabla ya wakati, hayo hupangwa mezani.

Mswahili anayechagua maneno yake atauliza: kwa nini mkopo? Ukiazima jembe unarudisha jembe lile lile. Ukikopa kilo ya sukari unairudisha kwa sukari nyingine, maana ile umeshaitumia. Mchezaji anayekwenda na kurudi mwenyewe ameazimwa. Waarabu hawakuchanganya hapo: uhamisho wa namna hii wanauita "iara", neno la kuazima kitu kinachorudi chenyewe, wala si "qardh", ambalo sisi tunalo kama karadha. Kwetu "mkopo" umeshashika, na hakuna haja ya kuung'oa. Tatizo ni kwamba tunautaja mtupu, bila kusema ni mkopo wa aina gani.

Aina ya kwanza ndiyo kuazima hasa. Chelsea ilimnunua kipa Thibaut Courtois kutoka Genk ya Ubelgiji mwaka 2011, ikamtoa moja kwa moja kwenda Atletico Madrid. Alikaa misimu mitatu, akatwaa Ligi ya Europa mwaka 2012, Kombe la Mfalme 2013 na ubingwa wa Hispania 2014, kisha akarudi London na kumpokonya Petr Čech nafasi. Harry Kane naye alipita Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester kabla ya kuaminiwa Tottenham. Anayetaka marufuku kamili ajibu swali moja: vijana kama hawa wangecheza wapi? Kwenye benchi la klabu kubwa hakuna dakika, na klabu ndogo haina fedha za kuwanunua.

Aina ya pili ni kukodisha. Hapa klabu inanunua vijana wengi kuliko inavyoweza kuwatumia, inawasambaza kila msimu, inakusanya ada na kusubiri bei ipande. Chelsea hiyohiyo ndiyo iliyosifika kwa biashara hii, kuna msimu ilikuwa na wachezaji zaidi ya 30 nje. Kipa wa Croatia Matej Delač alisajiliwa mwaka 2010 akaondoka 2018 bila kucheza hata mechi moja ya timu ya kwanza. Mbrazili Lucas Piazon alitembezwa klabu saba katika nchi sita, na alipouzwa Braga mwaka 2021 alikuwa amecheza mechi moja tu ya Ligi Kuu akiwa na Chelsea. Kijana wa namna hii anabadilisha kocha, lugha na nyumba kila mwaka, huku hakuna klabu yenye sababu ya kumkuza kwa subira. Aliyenaye leo anajua kesho si wake, na klabu mama haimwoni mazoezini.

Hapa ndipo FIFA iliposhika panga. Tangu Julai 1, 2022, mkopo wa kimataifa hauruhusiwi kuzidi mwaka mmoja, na klabu iliyompokea mchezaji haiwezi kumtoa kwa klabu ya tatu. Idadi ilianza kwa wachezaji 8 kutoka na 8 kuingia, ikashuka hadi 7, na tangu Julai 2024 ni 6. Kati ya klabu mbili hawavuki 3. Lakini wenye umri wa hadi miaka 21 na waliolelewa na klabu yenyewe hawahesabiwi. Nia ni njema, kwa kuwa hao ndio wanaohitaji kuazimwa. Ila hao ndio pia wanaokusanywa kwa wingi, kwa hiyo mlango umefungwa na dirisha limeachwa wazi.

Aina ya tatu ni kununua. Agosti 2017 PSG ilimchukua Kylian Mbappé kutoka Monaco "kwa mkopo", huku bei iliyotajwa ikiwa euro milioni 180 za kulipwa baadaye. Muda mfupi kabla ilikuwa imemlipia Neymar euro milioni 222, na kanuni za matumizi za UEFA zilikuwa zikiitazama. Kila mtu alijua Mbappé harudi Monaco. Mfanyabiashara wa Kariakoo angeuita mpango huo mali kauli: chukua mzigo sasa, fedha baadaye. Ajabu ni kwamba hapa, penye ujanja, ndipo neno "mkopo" linapokaa sawasawa na maana yake ya dukani.

Watanzania waliuona mkopo wa aina hiyo kwa mtu wao. Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, alijiunga na Aston Villa Januari 2020. Septemba mwaka huohuo akaenda Fenerbahçe kwa mkopo uliokwisha kupangwa kugeuka mkataba wa kudumu. Villa ilikuwa imeshamuuza, ila karatasi ilisema mkopo. Baadaye Fenerbahçe nayo ikamtoa Antwerp, kisha Genk alikotokea, na mikopo hiyo miwili ilimrudisha uwanjani.

Kanuni za fedha za UEFA sasa zinataka mkopo wenye sharti la kununua uandikwe kwenye hesabu kama mauzo tangu siku ya kwanza, hata kama kuna masharti ambayo kutimia kwake ni karibu hakika. Ni hatua nzuri, na vyama vya soka vya nchi vingeifuata. Panapovuja zaidi ni kwa klabu zenye mwenye mali mmoja. Novemba 2023 klabu za Ligi Kuu ya England zilipiga kura kuzuia kwa muda mikopo baina ya klabu ndugu. 13 ziliunga mkono, 7 zikakataa, na kwa kuwa zilihitajika 14 hoja ikaanguka.

Limebaki suala la mchezaji kukutana na klabu mama. Ligi Kuu ya England inakataza. UEFA ilipoulizwa kuhusu Courtois mwaka 2014, kabla ya nusu fainali ya Atletico na Chelsea, ilisema kipengele chochote kinachoweza kuathiri nani apangwe na klabu ni batili. Akacheza, na Atletico ikashinda 3-1 Stamford Bridge. Miaka kumi kabla yake Fernando Morientes, aliyetolewa na Real Madrid kwenda Monaco, aliifunga Madrid nyumbani na ugenini akaing'oa robo fainali. Mwaka 2020 Philippe Coutinho aliingia akitokea benchi la Bayern akaifunga Barcelona, mwajiri wake, mabao mawili katika kipigo cha 8-2. Hofu kwamba mchezaji atamwonea huruma mwenye mkataba wake haina ushahidi wa kutosha kuhalalisha kumnyima mpinzani mchezaji wake.

Kwa hiyo jibu si marufuku. Kuazima kubaki, na anayeazimwa aruhusiwe kumkabili yeyote. Kukodisha kuwekewe ukomo, vijana wakihesabiwa nao, japo kwa kiwango cha juu zaidi. Kununua kuitwe kununua. Waandishi wa michezo tuna sehemu yetu: tuandike "mkopo wa kurudi", "mkopo wenye hiari ya kununua" au "mkopo wenye sharti la kununua", ili shabiki anayesoma ajue kama mchezaji wake ameazimwa au ameshauzwa.