Mashanza na askari wa mwili

Huku kwetu Bushi wazee waliweka maziwa katika kibuyu mpaka yakaganda: ndiyo mashanza. Vijana wengi wanasema ni mambo ya zamani. Kumbe hata Ulaya waliyachunguza.

Mwaka wa 1905, Stamen Grigorov, kijana wa Bulgaria aliyesoma Geneva, alieleza bakteria inayogandisha maziwa ya kwao. Élie Metchnikoff, wa Institut Pasteur kule Paris, akafundisha kwamba inasaidia mtu azeeke vizuri. Mwaka wa 1908 alipata tuzo ya Nobel, lakini si kwa sababu ya maziwa: ni kwa kazi yake juu ya chembe za mwili zinazomeza mikrobe.

Leo mambo hayo mawili yamekutana. Askari wengi wa mwili wanakaa katika matumbo. Bakteria fulani za maziwa ya kuganda zinatoa asidi yenye kuzuia mikrobe mbaya, tena zinaamsha askari wale ao kuwatuliza. Lakini si dawa ya kila ugonjwa.

Na maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu, hata yakiganda. Basi tuchemshe kwanza, yapoe, halafu tutie chachu safi. Hivi tutalinda desturi na watoto pamoja.